Samaki Aliyechaguliwa na Shemeji

Shemeji yangu alikuwa fundi saa, na mtaa mzima ulimwita Dakika. Ukimwahidi saa nne ukafika saa nne na dakika tatu, alikuuliza hizo tatu umezipeleka wapi. Kiharusi kilipompiga kilichukua upande wote wa kulia, pamoja na ulimi. Akabakiwa na mkono wa kushoto, macho, na mlio mmoja wa kooni ambao haukuwa neno.

Dada yangu, mkewe, ni mpishi wa shule. Anatoka alfajiri na kurudi alasiri ananuka moshi. Alinipigia simu: "Kaka, dunia umeizunguka ukaimaliza. Njoo ukae na mwenzako mchana. Au na kwangu utapita njia tu?"

Ana mdomo, dada yangu, na hakukosea. Mimi nimesoma madarasa manne katika shule tatu, nimebeba magunia, nimelinda maghala, nimepika melini miaka miwili. Sijawahi kukaa mahali mpaka nikamjua paka wa mtaani ni wa nani. Safari hii nikasema nitakaa.

Chumbani kwao meza ya ufundi ilikuwa bado na vibano vyake na ile miwani ya jicho moja. Mbele ya kitanda palikuwa na tangi la kioo la maji ya chumvi, refu kama mlango uliolazwa, alilolitunza shemeji mwenyewe miaka tisa. Ndani mliishi samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mke na mume, wakali kama wenye nyumba za kupanga.

Dada akanipa kazi. Kumgeuza shemeji kila baada ya saa mbili, asije akatoka vidonda. Kumlisha uji kwa kijiko, upande wa kushoto wa mdomo. Halafu tangi. "Maji yanapungua kwa joto la taa. Kila asubuhi yajaze mpaka kwenye huu mstari. Tumia ndoo ya buluu."

Alipotoka nikachovya kidole kwenye ndoo ya buluu, nikaonja. Maji baridi, ya kunywa kabisa! Pembeni palikuwa na ndoo nyeupe, nikaonja na hiyo: bahari yenyewe. Nikacheka peke yangu. Maskini dada, uchovu umemchanganya, samaki wa bahari anataka kumpa maji ya kuchemshia chai. Mtu aliyelala melini miaka miwili hana haja ya kuuliza. Nikachota ndoo nyeupe. Ilipokwisha, nikakoroga nyingine mwenyewe kutoka kwenye mfuko wa chumvi uliokuwa chini ya meza.

Kila asubuhi nikibeba ile ndoo, shemeji alipiga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto. Pa, pa, pa! Na ule mlio wake. Siku ya kwanza nilimpelekea chombo cha haja, akakisukuma. Nikampelekea maji, akayasukuma. Mwishowe nikaamua ni utani wa mashemeji.

"Haya bosi, nimekusikia," nilimwambia huku namimina. "Mstari sijaupita hata kwa unywele. Njoo unikate mshahara!"

Alipiga mpaka jasho likamtoka. Nilipomsimulia dada, uso wake ulikunjuka. "Anapata nguvu," alisema.

Zikapita wiki tano. Yule anayekuja kumnyoosha viungo akashauri: mtafutieni kitu anachokitaka mwenyewe, kitamwamsha. Dada akamshikia simu yenye picha za duka la samaki, anazipitisha moja moja. Ikaja ya samaki wa manjano, bapa kama kisahani cha kikombe. Kidole cha shemeji kikainuka, kikagonga kioo cha simu mara mbili.

"Kachagua!" Dada machozi yalikuwa yamekwisha kumtoka. "Kaka, kachagua mwenyewe!"

Miezi saba tangu kiharusi, mtu yule hakuwa amechagua hata ubavu wa kulalia.

Muuza samaki alimleta Jumamosi ndani ya mfuko wa plastiki, akauacha mfuko uelee tangini ili maji yalingane joto. "Chumvi iko sawa?" aliuliza.

"Iko sawasawa," nikajibu mimi. "Naisimamia mwenyewe."

Shemeji akapiga ubao, pa, pa, pa, pa, na mlio juu. Tukacheka wote watatu. "Mmwone bwana harusi alivyo na haraka!" alisema dada. "Mfungulieni bi harusi wake!"

Samaki akatoka mfukoni akazunguka tangi, na macho ya shemeji yakamfuata, kona mpaka kona. Jioni ile alimaliza uji wote. Dada alikaa ukingoni mwa kitanda ameushika ule mkono wa kushoto, akaniambia kwa sauti ya chini, "Anarudi, kaka. Mume wangu anarudi."

Jumapili asubuhi samaki alikuwa amejibanza penye bomba la hewa, mapezi ameyabana, anahema kama aliyekimbizwa. Manjano yake yamepauka. Ilipofika saa tatu alikuwa amelala ubavu chini, mkondo wa maji unamsogeza kama jani. Dada akampigia simu muuza samaki, naye akaja mbio na kipimo chake cha chumvi. Akadondosha tone moja, akakielekeza dirishani, akachungulia. Akakifuta, akachungulia tena.

"Nani anajaza maji hapa?"

"Mimi."

"Maji gani?"

Nikamwonyesha ndoo nyeupe. Akakaa kwenye kiti cha fundi saa.

"Mzee wangu, hiyo ni ndoo ya siku ya kubadilisha maji. Yanayopotea hewani ni maji matupu. Chumvi haiendi nayo, inabaki humu humu. Wewe kila siku ukaongeza nyingine juu yake."

"Mbona wale wawili wazima?" aliuliza dada.

"Wale wamepandishwa ngazi kidogo kidogo. Huyu katoka kwenye maji mepesi ya dukani, akarushwa juu ya paa."

Alimhamishia kwenye beseni la maji aliyoyapunguza chumvi, akamshikilia wima kwa vidole viwili. Kabla ya adhuhuri samaki akaacha kufungua mdomo.

Ndipo nikageuka kitandani. Shemeji hakuwa anapiga ubao. Alikuwa ananitazama mimi. Wiki tano katika nyumba ile mtu mmoja tu ndiye aliyejua, akawa anasema kila asubuhi kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na mimi nikamjibu kwa mzaha.

"Nilikwambia ya buluu," alisema dada.

"Uliniambia."

"Na yeye alikuwa anakwambia." Akafuta uso kwa kanga. "Na mimi nikasema anapata nguvu."

Nilipiga magoti kando ya kitanda. "Shemeji, ulisema. Sikukusikia. Nisamehe." Akafumba macho. Mchana hakufungua mdomo kwa uji. Dada alipomletea simu yenye picha achague mwingine, ule mkono haukuinuka.

Nikaenda kwenye begi langu. Kazi ya kufunga begi naijua hata gizani. Dada akasimama mlangoni.

"Ndiyo unaondoka?"

"Hanitaki mbele ya macho yake."

"Hakutaki. Sawa. Na kesho nikiwa jikoni kwa watu nani atamgeuza? Vidonda vitakusubiri urudi?"

Nikaliacha begi palepale. Ilipofika saa nane nikarudi chumbani, nikaingiza mikono chini ya bega na nyonga kama nilivyofundishwa. Siku zote alikuwa akinisaidia, anajisukuma kidogo kwa mkono wa kushoto. Safari hii aliulaza tu kifuani, akaniachia uzito wake wote, uso ukutani. Nikamgeuza hivyo hivyo.