Nguo za Watu Kwenye Kamba Yetu

Tangu utawala wa Dameski uanguke mwezi wa Desemba, mume wangu Munzir hakuwahi kukaa kitini dakika kumi mfululizo. Akitoka kwenye karakana ya viatu anakogundisha soli, anavua koti na kuanza kupanga mabegi. Kesho yake tunayapangua, kwa sababu sufuria ya kupikia imo ndani.

"Mama Jumana, watu wanarudi," ananiambia. "Kila siku wanapita mpakani na magodoro yao. Sisi tunangoja nini?"

"Tunangoja kujua kama nyumba ipo."

"Na kama ipo?"

Gaziantep, hapa Uturuki, tulikuwa tumekaa miaka kumi na mmoja. Jumana alikuja akiwa na miaka mitatu, amefungwa mgongoni kwangu. Sasa alikuwa na kumi na minne, na akikasirika alitugombeza kwa Kituruki ili baba yake asimfuate vizuri. "Kwetu ni hapa," alisema. "Nyie nendeni, mtanitumia picha."

Ghorofa ya chini alikaa mwenye nyumba wetu, Bi Nermin, mjane wa Kituruki mwenye ulimi mkali. Kila tulipokutana ngazini aliniuliza swali lile lile. "Haya jirani, mnaenda au mnabaki? Mwanangu anaoa mwezi wa kumi, nataka kujua." Mwaka wetu wa kwanza ndiye aliyenipa jiko lake la zamani na mablanketi manne. Sikujua nimchukie au nimbusu mkono.

Serikali iliruhusu mtu mmoja kutoka kila familia kwenda kutazama kwao na kurudi. Anayerudi kwao moja kwa moja alisalimisha kitambulisho chake cha ukimbizi mpakani, na mlango ukafungwa nyuma yake. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yangu, kijijini Tell Zaarur, karibu na Saraqib. Kwa hiyo nikaenda mimi. Munzir alinisindikiza hadi kituo cha basi huku akinihesabia vitu vya kukagua: paa, kisima, mizeituni, mlango wa mbele.

"Na kama kuna mtu ndani, mtoe," alisema. "Usianze huruma zako."

Nilifika Tell Zaarur saa nne asubuhi. Nusu ya kijiji ilikuwa imelala chini. Mizeituni ya baba ilikatwa yote, visiki vimebaki kama meza za chini. Lakini nyumba ilisimama. Na uani, kwenye kamba iliyofungwa palepale mama yangu alipofunga yake, nguo za watoto zilikuwa zinakauka.

Mwanamke wa makamo, mwembamba, alikuwa amechuchumaa akipalilia kunde. Aliniona, akainuka na kufuta mikono kwenye gauni.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

"Namtafuta mwenye nyumba."

Akacheka. "Utangoja sana! Wenyewe wako Uturuki, wanakula baklava na vitamu vingine. Hata kuja kuchungulia hawaji."

"Mwenyewe ni mimi."

Kicheko kilimkauka mdomoni. Alinitazama viatu, kisha uso. Alikwenda kwenye kamba akaanza kuanua nguo, mbichi vilevile, anazikunja na kuzipanga begani.

"Unafanya nini?"

"Tunatoka. Nipe hadi jioni tu, mama mkwe wangu hawezi kutembea. Mume wangu amekwenda kuokota nondo kwenye vifusi, akirudi atambeba."

Nilikuwa nimebeba hotuba nzima tangu Gaziantep. Njia nzima ndani ya basi niliirudia, na kila mara ilizidi ukali. Sasa mtu mwenyewe hakutaka kugombana, nami hasira yangu ilikosa pa kuiweka. Nikampita, nikaingia ndani.

Askari wa utawala ule walikuwa wameng'oa vigae, nyaya, fremu za madirisha, hata mabomba ukutani. Badala ya mlango palikuwa na turubai la hema. Lakini sakafu ilifagiliwa. Ukuta wa jikoni uliokuwa na tundu la kombora ulizibwa kwa mawe na udongo, umesawazishwa kwa mkono. Alama za vidole zilionekana. Chumbani kwa baba alilala bibi kizee, macho yametanda ukungu.

"Khitam, nani huyo?" bibi aliuliza.

"Mgeni, mama," yule mwanamke alijibu nyuma yangu.

Neno hilo lilinichoma. Miaka kumi na mmoja niliitwa mgeni: hospitalini, shuleni kwa mtoto, ofisi zote. Nimefika chumbani kwa baba yangu, bado mgeni.

"Mimi ni binti wa Haj Rashwan!" nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Nilizaliwa humu humu!"

Bibi alinyoosha mkono hewani akinitafuta. "Binti wa nyumba? Basi keti, mwanangu, mbona unasimama kwako?"

Nikakaa ukingoni mwa godoro. Nililia, na sikupenda kulia mbele yao. Khitam alileta chai, akaniwekea sukari bila kuniuliza, akabaki amesimama na nguo zake mbichi begani.

Kwao, alinieleza, ni mwendo wa nusu saa kutoka pale. Nyumba yao ilibomolewa ikabaki bapa, hata mahali pa jiko hakupajua tena. Miaka mitano waliishi kwenye hema, na baridi ya mwisho ilimuua mtoto wake mdogo. Walipoingia kwangu walikuta kombora ambalo halikulipuka limelala jikoni. Mumewe aliita wataalamu, wakachelewa wiki tatu. Familia ikalala upande wa pili wa ukuta, inangoja.

"Mlilala na kombora?"

"Lilikuwa na adabu kuliko majirani wa kambini," alisema Khitam. Tukacheka sote, kisha tukaona aibu.

Nilikaa siku tatu. Sikutulia hata moja. Nilipima vyumba kwa hatua, nikaenda kisimani, nikarudi, nikaenda tena. Nikimwona mtoto wa Khitam amekalia kizingiti chetu, roho inanipanda. Nikila mkate wake, inashuka. Siku ya tatu nilimwambia akae katika vyumba viwili vya nyuma hadi wajenge kwao. Vya mbele ni vyetu.

"Andika, dada," alisema. "Kesho akija ndugu yako akinitimua, nimwonyeshe nini?"

Tuliandika mbele ya mkuu wa kijiji, tukatia dole gumba sote wawili. Alipoikunja ile karatasi na kuiweka kifuani, nilitamani kuichana.

Gaziantep, Munzir alinipokea mlangoni. Nilimweleza yote. Alianza kuzunguka sebule.

"Nilikwambia uwatoe! Umegawa nyumba!"

"Nimegawa vyumba viwili. Ungekwenda wewe, ungembeba yule bibi ukamweke wapi? Barabarani?"

Alizunguka tena, akasimama dirishani.

"Paa lipo?"

"Lipo."

"Basi naenda."

Jumana alisikia kila kitu. Safari hii aliongea na baba yake kwa Kiarabu, taratibu, anatafuta maneno. "Baba, ukitoa kile kitambulisho hutarudi. Unajua?"

"Najua, binti yangu."

Munzir aliondoka wiki moja baada ya shule kufungwa. Kitambulisho alikisalimisha mpakani, akanipigia simu akiwa upande wa pili. Mimi na Jumana tulibaki. Ana mtihani mkubwa wa darasa la nane mwakani. Bi Nermin alikunja uso, akasema tubaki, mwanawe ataanzia maisha chumba cha chini pamoja naye, na kwamba nisijisifu, amefanya kwa ajili ya mtoto.

Munzir anapiga simu kila mchana. Yeye na mume wa Khitam wametengeneza mlango wa chuma, wamepanda miche arobaini ya mizeituni. Wanagombana kuhusu maji ya kisima, kisha wanakula pamoja. Anasema baada ya chakula hujilaza kivulini na kusinzia, jambo ambalo sijamwona akilifanya kwa mwaka mzima.

Mimi ndiye nisiyekaa kitini sasa. Naosha ngazi ambayo haijachafuka, nakwenda sokoni mara mbili. Jana Jumana alinishika mkono nikipita, akaniuliza miche huchukua miaka mingapi kuzaa. Nilimwambia mitano, labda sita. Akahesabu umri wake kwa vidole, akarudi kwenye vitabu vyake.