Unga wa Khuyên

Saa mbili asubuhi, maabarani, Thoa alipima gramu kumi za urea, mbolea ile ile wakulima wa viungani mwa mji wa Quy Nhon wanayonyunyizia mpunga, akaitia kwenye kibakuli cha kauri, akafunika, akasukuma tanurini. Baada ya muda wa saa nne ulitoka unga wa manjano hafifu. Haukuwa na chembe ya madini. Ukiwekwa juani ndani ya maji machafu ya kiwanda cha nguo, uliila rangi yote, kisha ukaanza kuyatenganisha maji yenyewe, haidrojeni, gesi nyepesi kuliko hewa, ikapanda kwa viputo.

Unga wa Thoa ulisafisha maji kwa saa tatu. Wa Khuyên, aliyeajiriwa mwaka jana tu, kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Mbolea moja, tanuri moja.

"Unafanyaje?" Thoa aliuliza.

"Kama ulivyonifundisha, dada."

Jibu hilo lilimchoma kuliko tusi.

Kufikia mwezi wa nne unga ulikuwa umemwingia Khuyên kwenye ngozi. Jua la dirishani likimpiga, jasho lake lilitengana vivyo hivyo, haidrojeni ikajaa ndani ya koti lake, akainuka. Kwanza kimo cha kandambili, baadaye kimo cha meza. Wenzake walimfunga kamba kiunoni wakaendelea na kazi. Mfagiaji alishukuru kupata mtu wa kufuta feni.

Thoa alishindwa kula akimwona. Mchana mmoja alimeza vijiko viwili vya unga wa Khuyên, akapanda juu ya paa, akasimama juani. Jasho lilimtiririka mpaka visiginoni. Visigino havikubanduka. Kisha kivuli kikamfunika: Khuyên alikuwa anaelea juu yake, ameshika kamba yake mwenyewe.

"Dada, rudi ndani, utaungua."

"Nisogelee tena uone kama sitaikata hiyo kamba!"

"Haya. Lakini vaa kofia."

Wiki hiyo Profesa Nghiêm, mkuu wa maabara, aliuliza unga wa chupa namba sita ni wa nani.

"Wangu," alisema Thoa.

Nghiêm aliitazama lebo. Mwandiko wa Khuyên aliujua vizuri. Lakini Khuyên alikuwa kibarua wa mkataba unaoandikwa upya kila miezi sita, na Thoa mwajiriwa wa kudumu.

"Sawa," alisema. "Tusijitafutie kazi ya makaratasi."

Makala ya kisayansi kuhusu unga huo ilipotoka, jina la Nghiêm lilikuwa la kwanza, la Thoa la pili. La tatu halikuwepo.

Khuyên aliisoma akielea karibu na dari, polepole, mpaka mwisho. Alipoirudisha chini, ukurasa wa majina ulikuwa umelowa.

"Hongera, dada. Wageni wanakuja Jumatatu kuuona unga wako. Nioke gramu ngapi?"

Thoa aliishika makala kwa mikono miwili. Haikumwinua hata upana wa unywele. Juu yake nyayo za Khuyên zilikuwa zimetulia hewani, safi, hazidaiwi chochote na sakafu.

"Thelathini," alisema, na shingo ikimuuma kwa kutazama juu.