Chomoa Vyote, Kisha Subiri

Taa ya modemu ilizimika katikati ya neno "samahani". Mama Pacha akabaki na hedifoni kichwani, anaongea na ukuta. Upande wa pili alikuwepo mteja aliyepotelewa na kifurushi, na sasa alikuwa amepotelewa na mtu wa kumlalamikia pia.

Ndiyo iliyokuwa kazi yake: kukaa kwenye meza ya kulia chakula, kupokea malalamiko ya kampuni ya vifurushi na kuomba radhi kwa makosa ambayo hakuyafanya. Intaneti ilipita kwenye waya uleule wa simu ya mezani, na wiki hiyo ilikuwa inakatika-katika kama mtu mwenye kwikwi. Jana yake msimamizi alimwambia, bila hata kukasirika, "Ukipotea tena hewani kwa muda mrefu kesho, Mama Pacha, zamu naipa mtu mwingine. Mimi sina neno na wewe, ni mfumo tu." Pacha walikuwa shuleni, baba yao alishajiendea zake kitambo, na nyumba nzima iliegemea zamu hiyo moja.

Akaipigia kampuni ya simu kwa simu yake ya mkononi. Aliyepokea alikuwa msichana mpole, na Mama Pacha akautambua upole huo mara moja. Ulikuwa wa kusoma kwenye kioo cha kompyuta, kama wake mwenyewe.

"Zima modemu, subiri kidogo, halafu washa."

"Nimeshafanya hivyo, dada."

"Naomba ufanye tena, mpenzi."

Akafanya tena. Taa ikapepesa, ikafa.

"Kuna kifaa kingine kwenye laini? Simu, labda?"

"Ipo ya mama yangu, chumbani kwake."

"Basi ichomoe."

"Hiyo siwezi. Mama anasubiri simu ya kaka yake. Amelazwa."

Zikasikika kelele za vidole kwenye kibodi. "Nakuelewa kabisa. Ila nisipojaza kwamba vyote vimechomolewa, mfumo haunipi ruhusa ya kutuma fundi."

Mama Pacha alijua msichana hadanganyi. Hata yeye alikuwa na mfumo wake usiompa ruhusa.

Mama yake alikuwa bafuni. Mjomba alikuwa amelazwa mji wa mbali akisubiri kupasuliwa, na kila asubuhi, madaktari wakishapita, aliomba simu kwa muuguzi akampigia dada yake. Namba aliyoijua kwa kichwa ni moja tu, ya ile simu nyeusi ya mezani. Mama naye hakusikia mlio mwingine wowote. Za mkononi alisema zinalia kama vifaranga. Mama Pacha alipiga magoti, akapapasa nyuma ya kitanda, akauchomoa waya. Aliporudi sebuleni, taa ya modemu ilikuwa imewaka na kutulia.

Msichana alikwisha kujaza, fundi ameagizwa. Hapo angeweza kuurudisha waya mahali pake, na hakuurudisha. Aliona amemkamata mchawi: kumbe ni ile simu iliyokuwa inakata laini. Mpaka zamu iishe tu, alijiambia, mjomba atapiga tena jioni. Akavaa hedifoni bila kumweleza mama yake kwamba simu imechomolewa.

Mama alitoka bafuni, akajipaka mafuta, akaketi na ile simu mapajani. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo binti yake alimwona kila alipoinua macho.

"Mama Pacha!" aliita baadaye. "Huyu mjomba wako leo kalala?"

"Labda madaktari wamechelewa, mama."

"Angechelewa yeye? Huyo tangu utoto ana haraka, hata chakula alikuwa anakula kasimama." Akacheka peke yake, huku anaifuta simu vumbi kwa upindo wa kanga.

Mama Pacha aliona haya kwa uongo ule, aliona haya hasa, akasogeza kiti ainuke. Mteja mwingine akaingia. Akampokea.

Fundi alifika mchana, taa ikiwa imeshazimika tena. Hata ndani hakuingia. Alifungua kisanduku cha ukutani nje, maji yakamwagika. Nyaya zilikuwa zimeota kutu ya kijani.

"Hii niliifunga mwenyewe majuzi tu," alisema. "Mtaa mzima uko hivi."

"Sasa kwa nini hambadilishi?"

"Waya mpya hawatoi, wanasema faiba, zile nyaya za kisasa, inakuja. Sisi tumepewa utepe." Akazungushia utepe. "Itashika mpaka mvua nyingine."

"Kwa hiyo simu ya ndani, ile niliyoichomoa..."

"Simu? Haihusiki kabisa, mama. Hao wanaopokea simu wanawapa tu kazi ya kufanya."

Alirudi ndani mbio. "Natafuta hereni yangu, mama," alisema, akajipenyeza nyuma ya kitanda na kuuchomeka waya. Hakuwa amevaa hereni siku hiyo.

Alikuwa bado anajifuta magoti simu ilipolia, mlio wa kujaza chumba. Mama aliidaka.

"Kaka! ... Eh? Ndiyo, muuguzi, mimi ndiye dada yake." Akasikiliza. "Imeita? Asubuhi yote? Lakini nilikuwa hapa hapa, mwanangu, sijabanduka." Akasikiliza tena, muda mrefu, kisha akakirudisha kipokeo taratibu.

"Hakuamka," alisema. "Kabla hawajamwingiza kupasuliwa aliomba anipigie. Wakapiga, imeita weee. Akasema basi, yule siku hizi hasikii. Akaenda." Aligusa sikio moja, kisha la pili. "Nimekaa nayo mapajani, Mama Pacha. Ndiyo nimekuwa kiziwi kiasi hiki?"

Sebuleni kompyuta ilianza kuita. Laini ilikuwa imerudi, na mteja alikuwa anasubiri. Mama Pacha angeweza kwenda. Angeweza kuyaachia masikio ya mama yake lawama yote, na hakuna ambaye angejua. Alitamani kufanya hivyo, alitamani sana.

"Si masikio yako, mama. Nilichomoa mimi. Ulipokuwa bafuni."

Mama aliutazama waya, akamtazama yeye.

"Kampuni waliniambia nichomoe, bila hivyo hawatumi fundi. Halafu nikaogopa kuurudisha. Niliogopa kazi itakwenda. Nisamehe, mama."

Kompyuta iliita, ikaita. Hakuna aliyeinuka.

"Hao wa kampuni," mama aliuliza polepole, "walikuwa wanamjua kaka yangu?"

"Hapana, mama."

"Wewe ulikuwa unamjua."