Usichuchumae Kibondeni

Lukasi alisomea volkano Ulaya, akazichunguza nchini miaka mingi, hadi serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Msomi mzima! Akarudi kijijini kwao Kisondela na vipimo vyake, watu wakamcheka: Tukuyu imejaa mitumba, huyu katuletea shahada.

Hakujali, maana kazi ilimfuata nyumbani. Kando ya njia ya kisimani kulikuwa na kibonde. Asubuhi zisizo na upepo walikutwa humo ndege wamekufa, siku nyingine mbuzi. Wazee walisema ni mizimu. Lukasi akapima, akaitisha mkutano.

"Ardhi yetu inatoa hewa mbaya," aliwaambia. "Ni nzito, inalala chini. Mtu mzima akisimama inamfika kiunoni, anapita. Akichuchumaa, kwisha habari yake."

Kijiji kizima kilisikia, isipokuwa Atupele, mke wa mwanawe Obed. Angekujaje? Kwa mila za Wanyakyusa, mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hakai alipo yeye; wakikutana njiani, mwanamke huacha njia akajificha. Na Lukasi, pamoja na Ulaya yake yote, aliipenda heshima hiyo. Hakuwahi hata kumwona uso. Alimwagiza Obed akamweleze mkewe. Obed akaitikia, akaondoka kwenda Kiwira kutafuta kazi mgodini.

Asubuhi moja ya ukungu Lukasi alikuwa anakwenda kupima. Mbele yake akaona ndoo kichwani na kanga nyekundu. Kanga ikasita, ikaacha njia, ikashuka kibondeni, ikachuchumaa.

Mungu wangu!

"Simama!" alipiga kelele. "We mama, simama!" Jina hakulitaja, ulimi haukuzoea.

Atupele aliposikia sauti ya baba mkwe akajiinamisha zaidi, akajifunika kanga usoni.

Lukasi akatimua mbio, akabana pumzi, akashuka, akambeba hadi njiani. Akampulizia pumzi mdomoni, yeye baba mkwe, mbele ya wanawake wa kisimani waliogeuza nyuso kwa aibu. Alipuliza mpaka ukungu ukaisha. Atupele hakuamka. Alikuwa na mwanya, na kovu dogo kwenye nyusi.

Obed alifika msibani jioni, akaanguka miguuni pa babaye.

"Nilisahau kumwambia, baba," alilia. "Lakini wewe ulimwona kila siku akijificha. Si ungemwambia mwenyewe?"