Maelekezo ya Kumtumia Marehemu

Fundi wa seva alifariki mezani kwake siku ya Jumatatu, chai yake ikiwa bado ya moto, na Jumanne akaja kazini kama kawaida. Alitundika koti kwenye msumari, akafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta, akaketi. Jirani yake alimpa pole, kisha akamuuliza ni toleo gani la programu ya tiketi liko kwenye seva ya pili. Marehemu akamjibu.

Ofisi ile ilijaa wasomi, na hakuna hata mmoja aliyeandika alichofanya. Mtu akipandisha toleo jipya kwenye seva, zile kompyuta kuu za ofisi, alisimama akapiga kelele, "Nimeliweka!" kama kuku aliyetaga, halafu akaenda zake kula. Fundi ndiye aliyesikia na kukumbuka. Kwa hiyo walipomwona amerudi, walishusha pumzi.

Aliyefurahi zaidi ni meneja, ambaye walimwita Mkakati kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila neno hilo. Marehemu hali chakula, haugui, haombi likizo. Wiki hiyohiyo kampuni ilileta mawakala wa akili bandia, yaani programu zinazopandisha na kushusha programu nyingine zenyewe, nao walihitaji pa kuulizia nini kiko wapi. Mkakati akamwita mwandishi wa maelekezo.

"Dada, waandikie mawakala maelekezo ya chombo cha kutafutia matoleo. Kimkakati."

"Chombo kipi, bosi?"

Mkakati akamwonyesha marehemu kwa kidevu.

Mwandishi alivuta kiti, akaandika. *Kitajie programu na seva. Kitakujibu toleo lililopo, siku lilipowekwa na aliyeliweka. Kikinyamaza, hakijui, usirudie swali.* Mawakala waliusoma ukurasa huo neno kwa neno, jambo ambalo hakuna mfanyakazi wa pale aliyewahi kulifanya, wakaanza kuuliza. Waliuliza mchana kutwa na usiku kucha. Marehemu alijibu.

Alhamisi akaja mkewe, mshonaji wa sare za shule, pini zikiwa bado kwenye ukosi wa gauni lake. Mkononi alikuwa na sanda aliyoishona mwenyewe.

"Nimemfuata mume wangu," alisema. "Kaburi liko wazi tangu juzi, linaingia mvua."

"Pole sana, shemeji," alisema Mkakati. "Lakini kimkakati, kwa sasa yupo kwenye mfumo."

"Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na mfumo."

"Tutakupa cheti cha shukrani."

"Kipake siagi ukile." Akamgeukia mumewe. "Na wewe, mbona huinuki?"

"Wananiuliza, mama watoto. Nikimaliza moja, linakuja jingine. Nitamwachaje mtu na swali mdomoni?"

Hata akiwa hai alikuwa hivyohivyo. Mkewe akaketi kwenye kiti cha wageni, sanda mapajani, akangoja.

Mwandishi aliwatazama, kisha akaufungua ukurasa wake na kuongeza mstari: *Chombo hiki hakiulizwi baada ya jua kuzama.* Jua likazama. Mawakala wote wakanyamaza kwa adabu. Marehemu akachukua koti lake, akamshika mkewe mkono, wakashuka ngazi.

Walikuwa wamefika getini Mkakati alipoambiwa na wakala mmoja kwamba jibu lake litapatikana kesho. Alitafuta ule mstari, akaufuta kwa simu huku akitafuna, akaandika: *Chombo kinapatikana wakati wote.* Mwaka ule hakuandika sentensi nyingine isiyo na mkakati ndani yake. Pale getini marehemu aliuachia mkono wa mkewe, akapanda ngazi kurudi juu.

Asubuhi mkewe alimwendea mwandishi.

"Mwanangu, basi andika na hili. Miguu yake hushika baridi. Tangu ujana."

Mwandishi akaandika chini kabisa: *Miguu ya chombo hushika baridi. Ulizia hali yake kwanza.* Mkakati aliuona mstari huo, akauacha kwa kuwa haukuzuia kazi. Mjane akapiga magoti, akamvisha mumewe soksi za sufu, akaenda nyumbani kufukia kaburi asije mbuzi wa jirani akatumbukia.

Tangu hapo kila wakala, kabla ya swali lake, huuliza, "Miguu haijambo?" Marehemu hujibu, "Haijambo, nashukuru," kisha hutaja toleo. Katika chumba kile hakuna mwingine aliyewahi kumuuliza hivyo.

Kwenye kikao cha mwisho wa mwezi Mkakati alilalamika kwamba siku hizi majibu yanachelewa. Wasomi walijadili chanzo hadi chai ikapoa, wakakubaliana kwamba ni soksi. Mmoja wao akatumwa azivue. Alizivua, akasimama katikati ya chumba, akapiga kelele, "Nimezivua!" halafu akaenda zake kula.

Marehemu alisikia, akakumbuka.