Tumbo la Mama Mkwe

Jumatatu asubuhi fundi cherehani alifunga duka lake, akatundika kibao cha "Narudi sasa hivi", akaenda kliniki. Mimba yake ilikuwa ya wiki nane. Redioni walisema mwanamke akishajijua tu aanze kliniki, asingoje miezi mitatu iishe, na yeye alikuwa mtu wa kupima kabla ya kukata.

Karani wa mapokezi, aliyeketi chini ya bango lililosema hayohayo, alimtazama kiunoni.

"Tumbo liko wapi?"

"Bado changa."

"Rudi likionekana. Hapa tunaandikisha matumbo."

Nyumbani, mama mkwe wake alikubaliana na karani. "Mimba changa haitangazwi, mwanangu. Watu wana macho. Mimi nimezaa saba, na kliniki naijua kwa kupita nje tu."

Fundi aliwajua wanne waliobaki.

"Hilo tumbo niachie mimi," mama mkwe akasema. "Nitakufichia."

Kesho yake mama mkwe aliamka na tumbo la miezi sita. Mimba ilibaki kwa mwenyewe. Kilichohama ni tumbo. Bibi huyo, mjane wa miaka sitini na miwili, alijitazama, akasema magauni yatabana. Fundi alichukua futi yake, akapima inchi arobaini na nne, akaongeza vipande ubavuni. Mumewe, fundi wa majokofu, alimsogezea mama yake kiti chenye mto, akaenda kazini.

Wakaenda kliniki wote wawili. Karani hakuinua hata kichwa.

"Umri?"

"Sitini na miwili."

"Mume?"

"Marehemu. Mwaka wa tisa huu."

Karani akaandika: yuko safarini. "Na huyu?"

"Mkwe wangu. Ndiye mwenye mimba."

"Asubiri nje."

Muuguzi alimpima mama mkwe presha na damu, akampa vidonge vya kuongeza damu. Mama mkwe akaeleza kwamba vidonge ni vya yule aliye nje. Muuguzi akajibu kwamba dawa za mtu hazigawanywi, akamsimamia hadi akameza.

Wiki zikapita. Mama mkwe akanawiri, akawa anapanda ngazi bila kushika ukuta. Na kwa kuwa alikatazwa kuinua vizito, ndoo alibeba fundi. Kichwa kilimzunguka. Siku moja alishonea shati mkono wa tatu, mgongoni. Mteja akalijaribu, akasema atalizoea.

Jioni moja mama mkwe alimkuta ameegemea cherehani, midomo imepauka. Akamshika bega.

"Chukua tumbo lako, mwanangu. Nilidhani nakuficha na macho ya watu, kumbe nimekuficha na dawa."

Asubuhi tumbo lilikuwa kwa mwenyewe. Wiki ya ishirini na mbili.

Safari hii karani alimfungulia kadi bila swali. Muuguzi alimpima, akapima tena. Damu ilikuwa imepungua sana. Akampa vidonge na kumtaka arudi kila wiki.

"Ungekuja mapema tungegundua mapema," akasema.

"Nilikuja," fundi akasema. "Wiki ya nane."

Muuguzi akamwangalia karani. Karani akapekua daftari, asione kitu, maana wasio na matumbo hawaandikwi. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika kwenye kadi: AMECHELEWA.

"Wenzako huanza mapema," akamwambia. "Mwangalie mama huyu, na umri wake wote. Hajakosa hata siku moja."

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi, kiuno chembamba kama cha msichana. Karani akamwita mezani.

"Umejifungua?"

"Bado."

"Basi kadi yako haijafungwa." Akamwandikia tarehe. "Jumanne, saa mbili. Usiniharibie rekodi."