Mayai Yaliyogonga Mlango wa Kabati

Usiku wa jana niliota mayai yananigongea mlango wa kabati, kwa ndani. Hayakugonga kwa fujo. Yaligonga kama watu waliolelewa vizuri, yakanyamaza, yakasubiri.

"Nani?" nikauliza.

"Hodi, Mama Mghenyi. Ni sisi mayai. Tufungulie, tumechelewa kazini."

Ufunguo wa kabati hilo naufunga kwenye pindo la kanga yangu, na haubanduki hapo hata nikienda msibani. Mayai ya nyumba hii ni ya mwanangu Mghenyi na ya wageni. Mkewe Sikitu ni mjamzito, na mjamzito hapewi yai, mtoto asije akazaliwa na kipara. Ndivyo alivyoniambia mama mkwe wangu nilipokuwa na mimba ya Mghenyi, na yule mama hakuna aliyewahi kubishana naye akashinda. Firigisi ni ya mume, na paja la kuku ni la mume. Sikitu anakula jikoni baada ya wote, anakwangua ukoko na kuchovya kwenye mchuzi uliobaki. Halalamiki.

Kliniki wamesema damu yake ni ndogo na mtoto hakui vizuri. Tangu juzi mtoto alikuwa hachezi tumboni, na kesho anatakiwa kurudi kupimwa. Mimi nilisema ni uchovu tu. Lakini usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Basi nikafungua kabati. Ndani kuna barabara ya vumbi.

Naingia, kwa kuwa kabati ni langu. Mayai yanatangulia yakibingirika, kila moja limevaa kofia ya ujenzi. Mbingu ya huko ni nyekundu, tena inadunda polepole, kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Tunafika kwenye geti. Pamesimama askari wawili wa mchicha, sare zimepauka, mikanda inawapwaya.

"Nyie ndio walinzi?"

"Ndiyo, mama. Sisi ni vyakula vya kulinda mwili. Tunalinda."

"Mbona mmenyong'onyea hivyo?"

"Ulituchemsha muda mrefu, halafu maji yetu ukayamwaga kwenye mpapai," mmoja akajibu. "Silaha zetu zilikuwa kwenye yale maji."

"Tumesikia mpapai wako una afya njema," mwenzake akaongeza. Sikupenda sauti yake, lakini ni kweli, mpapai wangu umenawiri.

Ndani ya geti matonge ya ugali yanasukuma matoroli. Ni mengi na yana nguvu za ajabu. Yanakimbia kwenda na kurudi, yanapishana, yanapigiana honi, na matoroli yote ni matupu.

"Mnabeba nini?" nikaliuliza moja lililokuwa likitoka jasho.

"Hatubebi kitu, mama. Kazi yetu ni kutia nguvu. Nguvu tunazo. Cha kubeba ndicho hakuna."

Nikainua macho nimkaripie msimamizi, ndipo nikamwona mtoto.

Amelala ubavu, mkubwa kuliko msikiti wa Ijumaa, na bado anajengwa. Mbavu zimepangwa kama fito za nyumba. Sikio moja limekamilika. Nasimama chini ya sikio hilo na kuona njia yake inavyojikunja kwenda gizani, kila mkunjo umelainishwa kwa mkono. Nimezaa, nimewapokea na watoto wa wenzangu kwa mikono hii, wala sikujua kwamba sikio linajengwa. Nilidhani linakuja tu. Nikalia, na sikuona haya.

"Shikamoo, mama," ikasema sauti miguuni pangu. Ni fundi mkuu. Ni haragwe jekundu, fupi, limebana penseli kwapani.

"Marahaba. Mbona kazi imesimama?"

"Vifaa, mama. Sisi ndio vyakula vya kujenga mwili, lakini mkono mtupu haulambwi, na wala haujengi. Mimi mwenyewe naletwa hapa mara mojamoja, nimebaki ngozi."

"Sasa matofali haya machache mliyatoa wapi?"

Haragwe likatazama chini. "Nyumba ya jirani," likasema.

Nageuka, na tayari tupo uani kwa jirani. Ni nyumba ndogo. Paa halipo. Ukuta wa mbele umebaki kimo cha kiuno. Mafundi wanachomoa tofali, wanalipangusa vumbi kwa adabu, wanalipeleka kwa mtoto, wanarudi kuchomoa lingine. Ndani, kwenye kigoda, amekaa Sikitu anakwangua ukoko.

"Karibu, Mama," anasema. "Mlango wameshauchukua. Pita popote."

"Sikitu! Unawaachia wakubomolee?"

"Mtoto naye si lazima apate pa kulala, Mama? Chukua kigoda ukae. Mimi nitakaa chini."

Akakaa chini kweli. Hapo niliogopa, woga ambao sijawahi kuuonja, kwa sababu aliponipa kigoda niliona mafundi wamefika kwenye tofali aliloegemea.

"Na ukuta huu ukiisha?" nikaliuliza Haragwe.

"Tunasimama, mama. Nyumba zote mbili."

Yai moja likabingirika mbele. "Sisi tupo siku zote," likasema. "Tumefungiwa."

"Mtoto atatoka na kipara," nikasema, maana mimi sitishwi na yai, hata ndotoni.

Likanitazama, ingawa halina macho. "Mama Mghenyi, umefuga kuku tangu ukiwa msichana. Umewahi kuona kifaranga mwenye kipara?"

Matonge ya ugali yakasimamisha matoroli yasikie. Nikafikiri. Nikawakumbuka vifaranga wangu wote, wa njano, weusi, wa madoadoa. Kila mmoja alitoka ndani ya yai amevaa manyoya kichwa kizima. Mayai yamekuwa yakianguliwa mbele ya macho yangu maisha yangu yote.

"Sijaona," nikasema.

"Nyoosha mkono."

Nikanyoosha, na yai likajipasua lenyewe juu ya kiganja changu. Kiini kikakaa pale kinang'aa, na mbingu yote nyekundu ikawa njano kama asubuhi ya mavuno. Sikuwa na mwiko wa fundi. Nikaelekea kwa mtoto nimpake kwa mkono.

"Hapana," Haragwe likasema. "Anza na nyumba ya mama. Ya mama ikisimama, ya mtoto imesimama."

Nikapaka ukuta wa Sikitu kwa kiganja. Kila nilipopaka, ukuta ulipanda. Wale askari wa mchicha wakakaza mikanda. Nyuma yangu mafundi wakashika nyundo, ko, ko, ko, na unyayo mkubwa wa mtoto ukajinyoosha, nchi nzima ikatikisika.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Ufunguo ulikuwa pale pale kwenye pindo la kanga. Lakini chini ya pete yangu ya ndoa kulikuwa na kitu kinanata. Nikakikwangua kwa ukucha. Ni kiini cha yai, kibichi, na mimi jana sikugusa yai.

Jikoni Sikitu alikuwa anapuliza moto, mkono mmoja tumboni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama. Mama, ameanza tena! Tangu alfajiri anagonga tu, kama fundi."

Nilifungua kabati, nikachemsha mayai mpaka yakaiva kabisa, nikamkalisha kwenye kigoda changu. Mimi nikakaa chini na kumenya.

Akalitazama yai, akanitazama mimi. "Mama, na kipara?"

"Umewahi kuona kifaranga mwenye kipara?"

Akafikiri, akaanza kucheka. "Sijaona."

"Basi kula, mwanangu. Tunaanza na nyumba yako. Na kliniki tutaenda wote."

Alipokuwa anakula, niliufungua ufunguo kwenye kanga yangu, nikaufunga kwenye pindo la kanga yake.